Jicho la Msomaji na Kosa la Hesabu

Somo la mwezi huu ni la hesabu, lakini kwanza halihitaji kalamu. Lahitaji macho.

Mwanzoni mwa mwaka, ndengu na kunde za mvua za vuli zikisha kupurwa, magunia hupelekwa mizanini kote Kitui na Makueni, na kila gunia hufuatwa na kipande cha karatasi. Mkulima aliyepalilia tangu Novemba aweza kupoteza jasho lake katika karatasi hiyo. Si lazima awe amedhulumiwa. Mara nyingine yeye na karani wamesoma karatasi ile ile, na wote wawili hawakuliona kosa lililo mbele yao. Twataka kujua kwa nini macho mazima hukosa kuona, na mkulima afanye nini ili yasimponyoke.

FUMBO LA KWANZA

Soma maneno haya mara moja tu, kisha ujibu:

JE, WAWEZA KUONA
KOSA LILILO KATIKA
KATIKA FUMBO HILI?
1 2 3 4 5 6 7 8 9

Wengi wakipewa fumbo la namna hii hukimbilia namba. Huhesabu moja hata tisa, hurudi tena, hutafuta tisa iliyopinduka au sita iliyopotea. Namba zote ni sawa. Kosa limo katika maneno: neno “katika” limeandikwa mara mbili, mwisho wa mstari wa pili na mwanzo wa mstari wa tatu.

Kama hukuliona, usione haya. Fumbo hili huwanasa zaidi wale waliozoea kusoma. Mtoto wa darasa la kwanza asomaye kwa kidole, silabi baada ya silabi, aweza kuliona upesi kuliko mwalimu wake, kwa kuwa yeye hawezi kuruka neno lo lote. Mwalimu huruka. Basi kosa hili halitokani na ujinga. Latokana na mazoea, na mazoea hayo ndiyo tunayojifunza leo.

JINSI JICHO LISOMAVYO

Twadhani kwamba jicho huteleza juu ya mstari kama maji katika mfereji. Sivyo. Katika karne ya 19, katika maabara ya daktari wa macho Mfaransa, Louis Émile Javal, ilionekana kwamba jicho la msomaji huenda kwa kurukaruka. Hutua mahali, hupumzika kwa muda wa kama robo ya sekunde, kisha huruka tena. Huona herufi wakati limetua. Linaporuka haliokoti neno.

Tena, jicho likitua haliuoni mstari mzima. Kwa msomaji wa herufi tunazozitumia sisi, habari anazopata kwa mtuo mmoja hufika herufi tatu au nne tu upande wa kushoto, na kama herufi kumi na tano upande wa kulia, yaani kule aendako. Zilizo wazi kabisa ni zile chache za katikati. Wasomao Kiebrania, ambacho huandikwa kutoka kulia, walipopimwa mwaka 1981, jambo hilo liligeuka: jicho lao lilitazama mbele zaidi upande wa kushoto. Basi jicho halikuzaliwa hivyo. Limefunzwa na kitabu.

Msomaji hodari hatui juu ya kila neno. Maneno mafupi na yale aliyoyatazamia huyapita, na akili humjazia pengo. Jambo hili ni jema usomapo gazeti, maana lingekuchosha kama ungetua kila herufi. Lakini usomapo hesabu ni hatari. Akili hujaza pengo kwa kile ilichokitazamia, hata kama karatasi haikuandikwa hivyo.

MRABA WA KUMI NA TANO

Sasa chukua fumbo la pili. Hapa pana vyumba tisa, na namba 1 hata 9 zimewekwa humo, kila moja mara moja:

2 7 6
9 5 1
4 3 8

Jumlisha mstari wo wote kutoka kushoto kwenda kulia, au safu yo yote kutoka juu kwenda chini, au pembe hata pembe. Kila mara utapata 15. Huu huitwa mraba wa ajabu. Wachina wa kale waliujua. Wataalamu wa Kiarabu waliandika juu ya miraba ya namna hii, na hata Waafrika. Muhammad ibn Muhammad al-Fullani al-Kishnawi, mwenyeji wa Katsina, mji ulio sasa kaskazini ya Nigeria, aliandika kwa Kiarabu juu ya kuipanga, kisha akafa Cairo mwaka 1741.

Tuseme sasa kwamba mtu ameunakili mraba huo kwa haraka, akaandika hivi:

2 6 7
9 5 1
4 3 8

Ukague. Mstari wa kwanza: 2 na 6 na 7 ni 15. Wa pili: 9 na 5 na 1 ni 15. Wa tatu: 4 na 3 na 8 ni 15. Mkaguzi mwenye haraka huweka alama ya “sawa” na kwenda zake. Lakini safu ya katikati, kutoka juu kwenda chini, ni 6 na 5 na 3, yaani 14, na safu ya mwisho ni 16. Namba 7 na 6 zimebadilishana mahali.

Kwa nini hakuona? Kwa sababu alikagua jinsi asomavyo. Kitabu kimemzoeza kwenda upande, naye akakagua upande. Mzee wa Lamu aliyezoea kusoma Kiarabu angeanzia kulia, lakini yeye pia angekwenda upande, naye angepata 15, 15, 15. Namba mbili zikibadilishana ndani ya mstari mmoja, mstari huo hausemi lo lote. Safu ndiyo isemayo.

Hili ndilo neno kubwa la somo letu: kosa hukaa salama katika njia ile isiyopitwa na jicho. Basi mkaguzi asome kwa njia zaidi ya moja.

DAFTARI LA CHAMA

Tutoke katika mafumbo, twende ghalani. Huu ni mfano wa hesabu ya ya kilo za mkulima mmoja aliyepeleka mazao yake kwa wiki tatu:

Wiki ya 1: ndengu 45, kunde 30, mtama 18. Jumla 93.
Wiki ya 2: ndengu 27, kunde 52, mtama 20. Jumla 99.
Wiki ya 3: ndengu 38, kunde 41, mtama 16. Jumla 95.
Jumla yote: ndengu 110, kunde 123, mtama 54. Jumla kuu 287.

Jumlisha upendavyo. Mistari ni sawa. Safu pia ni sawa na jumla zilizoandikwa chini yake. Jumla kuu ni 287 ukienda upande, na ni 287 ukienda chini. Karani amefanya kazi safi.

Hata hivyo mkulima amepoteza fedha. Wiki ya pili alileta kilo 52 za ndengu na kilo 27 za kunde. Karani alizigeuza alipoandika. Kama ndengu ni shilingi 100 kwa kilo na kunde ni shilingi 60 (bei hizi ni za mfano tu), mkulima alistahili kulipwa kwa ndengu na kunde shilingi 19,380. Kwa daftari hili atalipwa 18,380. Shilingi 1,000 zimetoweka, na hakuna jumla hata moja iliyokosewa.

Hapa daftari latofautiana na mraba. Katika mraba twajua mapema kwamba kila safu lazima iwe 15. Katika daftari hatujui safu yapasa kuwa ngapi, ila tuwe na shahidi mwingine. Shahidi huyo ni nani? Ni vipande vya mizani ulivyoweka nyumbani. Ni magunia yenyewe ghalani, kwa maana mizani ya ghala itatoa kilo 135 za ndengu, wala si 110. Au ni mama mzee asiyejua kusoma, lakini akumbuka vizuri kwamba wiki ile kunde zilikuwa debe na ndengu zilikuwa gunia zaidi ya nusu. Mtu asimdharau shahidi wa namna hiyo. Macho yake hayakufunzwa kuruka.

Kwa hiyo, ukisomewa hesabu yako, usiulize tu, “Jumla ni sawa?” Uliza, “Ndengu peke yake ni kilo ngapi?” Kisha linganisha na vipande vyako.

MANENO YALIYO KARIBU NA NAMBA

Rudi sasa kwenye fumbo la kwanza. Namba zilikuwa sawa, kosa likawa katika maneno. Risiti nyingi huwa hivyo. Tazama hii:

Ndengu gunia 3 za kilo 90. Kilo 270. Bei kwa kilo sh. 80. Jumla sh. 21,600. Nimelipwa. Sahihi ya mkulima.

Hesabu ni barabara: 270 mara 80 ni 21,600. Mkulima huzungusha namba kichwani, huridhika, hutia sahihi. Lakini mnunuzi alisema atalipa Ijumaa. Karatasi yapasa kusema “nitalipwa”, nayo yasema “nimelipwa”. Mkulima ametia sahihi kwamba fedha ziko mfukoni mwake.

Angalia lugha yetu ilivyo. NI-ME-LIPWA na NI-TA-LIPWA huanza sawa na kwisha sawa. Tofauti yote imo katika silabi moja ya ndani, na ndani ya neno ndipo jicho lenye haraka lisipotua. Silabi hiyo ndogo ndiyo ituambiayo kama jambo limekwisha au bado. Basi ukiona neno la kulipa, kupokea au kudaiwa, likate kwa kidole: ni, me, lipwa.

Maneno mengine yanayorukwa ni jina la zao, kipimo na tarehe. Kilo si gunia, na gunia la kilo 90 si gunia la kilo 50.

Siku hizi mazoea haya yameingia hata katika simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, watu wengi hutuma fedha kwa namba kumi za simu. Mtumaji hukaza macho kwenye namba, kisha simu ikimwonyesha jina la mwenye namba hiyo, hubonyeza bila kulisoma. Lakini jina ndilo mkaguzi. Namba moja ikikosewa, namba zenyewe hazitakuambia. Jina geni litakuambia.

Mbegu ni vivyo hivyo. Pakiti ya mbegu iliyokaguliwa na KEPHIS ina kibandiko cha kukwaruza. Namba iliyofichwa chini yake hutumwa kwa simu kwenda 1393, na majibu hurudi yenye habari za mbegu hiyo. Usiridhike kwa kuwa majibu yamerudi. Yasome, uyalinganishe neno kwa neno na maandishi ya pakiti uliyoshika.

KANUNI YA TISA

Yako makosa ya tarakimu kugeuzana ndani ya namba moja: mtu ataka kuandika 72, aandika 27. Makarani wa zamani walikuwa na dawa yake. Toa ndogo katika kubwa: 72 toa 27 ni 45. Gawa kwa tisa: ni tano, bila kubaki kitu.

Daima huwa hivyo. Tarakimu ikitoka mahali pa makumi na kuingia mahali pa mamoja, kila kumi limekuwa moja, maana yake limepungua tisa. Ile nyingine, iliyotoka kwenye mamoja na kuingia kwenye makumi, kila moja yake limekuwa kumi, limeongezeka tisa. Hivyo tofauti haiwezi kuwa nyingine ila tisa kadhaa. Kwa namba kubwa ni vile vile: sh. 4,860 ikiandikwa 4,680, tofauti ni 180, yaani tisa mara ishirini.

Basi daftari lako na la chama zikitofautiana, gawa tofauti kwa tisa. Ikigawanyika sawasawa, anza kutafuta tarakimu zilizogeuzana. Lakini sikiliza onyo. Gunia la kilo 90 hugawanyika kwa tisa, na nusu gunia la kilo 45 pia. Kwa hiyo tofauti ya kilo 45 yaweza kuwa tarakimu zilizogeuzwa, au nusu gunia ambalo halikuandikwa kabisa. Kanuni hukuonyesha mahali pa kutafuta. Haikatai wala haithibitishi.

YAPASAYO KUFANYWA

1. Anza na maneno, kisha namba. Soma jina lako, jina la zao, kipimo, tarehe, na neno la malipo.

2. Funika karatasi kwa karatasi nyingine, ubakize mstari mmoja tu. Jicho lisiloona mbele haliwezi kuruka mbele.

3. Soma kwa njia ya pili. Kama ulikwenda upande, sasa nenda juu hata chini. Kama ulianza mwanzo, anza mwisho.

4. Someni wawili. Mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate katika karatasi yake. Tarakimu zitajwe moja moja: “saba, mbili”, wala si “sabini na mbili” kwa mkupuo.

5. Aliyeandika asijikague peke yake. Mwandishi huona alichokusudia kuandika. Kama huna mwenzio, liache daftari hata kesho asubuhi.

6. Linganisha na kitu kisichotoka katika karatasi hiyo: vipande vya mizani, magunia, au kumbukumbu ya aliyekuwapo.

Mkulima wa milima ya Mbooni au Mutitu hatashangaa kwa kanuni hizi. Apimapo matuta ya fanya juu hategemei jicho. Ukisimama kilimani, mstari waweza kuonekana umenyooka, na mvua ikinyesha maji yote yakakimbilia upande mmoja na kubomoa tuta. Ndiyo maana twatumia kamba na pima maji. Si kwa kuwa mkulima haoni. Ni kwa kuwa jicho lina mazoea yake, na maji hayana habari na mazoea hayo. Fedha nazo ni kama maji: hutafuta palipo pachini, hupita hapo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lisilokaguliwa ni nusu ya daftari.

MASWALI YA KUJIPIMA

Fanyeni maswali haya nyumbani pamoja na watoto, au katika kikao cha chama.

1. Mraba huu una kosa. Ni njia gani ya kusoma itakayolionyesha?

8 1 6
4 9 2
3 5 7

2. Daftari la mkulima na la ghala zatofautiana kwa kilo 63. Yafaa kutafuta nini kwanza?

3. Katika somo hili tumeacha kwa makusudi neno moja dogo lililoandikwa mara mbili, mbali na lile la fumbo la kwanza. Liko wapi?

MAJIBU

1. Mistari yote ni 15, na safu zote ni 15. Kosa huonekana kwa kusoma pembe hata pembe: 8 na 9 na 7 ni 24, 6 na 9 na 3 ni 18. Mstari wa pili na wa tatu imebadilishana mahali.

2. Sitini na tatu ni tisa mara saba. Tafuta kwanza namba yenye tarakimu zilizogeuzana zinazotofautiana kwa saba, kama 81 iliyoandikwa 18, au 92 iliyoandikwa 29. Usipoipata, hesabu magunia.

3. Liko katika sehemu ya “Daftari la chama”, sentensi ya pili: “hesabu ya ya kilo”. Kama ulilipita, rudi kwenye kanuni ya pili, chukua karatasi ya kufunikia, kisha ukaitazame upya risiti yako ya mwisho.